Chupa za Bi Mkubwa

Bunju, 22 Juni 2025

Kwako Munira,

Salamu nakupa kwa sababu dini inataka. Hali yangu nzuri, na hata isingekuwa nzuri wewe usingekuwa wa kwanza kuambiwa.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu unayo. Simu yangu na yako zote kazisajili Masoud, na kila akija anaichukua ya mtu na kuipekua kama mali yake. Haya ni maneno ya wake wawili wa mume mmoja, hayamhusu. Clara, bibi shamba wetu, kakubali kunibebea barua kwenye deli lake la barafu akitoka kuchukua udongo kwangu kuja kuchukua kwako. Ukitaka kujibu, mpe yeye.

Neno langu ni hili. Nyanya zangu zinakufa. Asubuhi zimesimama, adhuhuri zimelegea, na majani bado ya kijani. Clara kakata shina moja, kalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, na mbele ya macho yangu ukashuka uzi mweupe kama maziwa. Hao ndio bakteria wa mnyauko, kasema, wanaishi udongoni, wanaingia kwa mizizi na kuziba njia ya maji ndani ya shina. Dawa ya dukani ya kuwatoa hakuna. Ndiyo maana mradi wao ulitupa zile chupa za vijidudu wazuri, tuchovye mizizi ya miche kabla ya kupanda na tumwagie shinani, ili hao wazuri waiwahi mizizi, wakae, wale, na wabaya wakija wakute pamejaa.

Sasa niambie wewe. Chupa zako na zangu zinatoka pipa moja. Zote zinakaa kwenye friji lako huko Kibamba, kwa kuwa stoo ya mradi iko jirani yako, mpaka Masoud aniletee siku za zamu yangu. Zako zinakinga. Zangu hazikingi. Hapo katikati umepita mkono wa nani?

Nakuuliza kwa sababu juzi Masoud alisimama kwenye matuta, mikono kiunoni, akasema, "Wahiba, na msimu huu nao ukinyauka, nauza. Watu wanajenga Bunju nzima, mie nahangaika na nyanya za kufa?" Shamba hili nimelifyeka kwa mikono yangu wakati Bunju bado watu wanaiogopa jioni. Nyumba iliyo ndani yake ndimo nilimozalia. Sitoki, Munira. Kama ulikuwa unalingoja hilo, tafuta kiti ukae.

Ni mimi, mke wa kwanza,
Wahiba


Kibamba, 25 Juni 2025

Dada Wahiba, shikamoo,

Barua yako imefika ya baridi, ina alama ya kidole cha udongo wa Bunju pembeni. Nimeisoma nikiwa jikoni na vitunguu vikaungua. Masoud kala, halafu kasema, "Wahiba vitunguu vyake haviunguagi." Kwa hiyo kwa barua moja umenipiga mara mbili.

Mkono wangu kwenye chupa zako? Mimi friji lile nalifungua kutafuta maji ya kunywa. Chupa za mradi zina utepe shingoni, Masoud anakuletea na utepe wake, muulize. Na ningetaka kukufanyia ubaya, dada, ningeuanzia kwenye friji langu mwenyewe ili nijulikane?

Ni kweli nyanya zangu zimependeza. Nimezisimamishia vijiti, zimetoa maua, na Clara kaleta wageni wa mradi wazipige picha. Nakuambia mwenyewe usije ukasikia kwa Masoud, ingawa najua akiwa kwako habari zangu hasemi. Zako akiwa kwangu hazimalizi. Wahiba anajua kuchagua mbegu. Udongo wa Wahiba mweusi. Wahiba akikwatua palizi hatakuachia jani. Nimeanza kulima hizi nyanya kwa kuchoshwa na hayo, na sioni haya kukuambia. Nilitaka siku moja ashike nyanya yangu asikutaje wewe.

Ameshaishika. Akasema, "Inakaribia za Bunju."

Kitu kimoja nikuulize. Clara huniletea chupa zako tupu nizioshe pamoja na zangu. Mbona zako zinanukia pilau?

Mdogo wako,
Munira


Bunju, 6 Julai 2025

Munira,

Si pilau, ni karafuu. Karafuu za Pemba, kutoka kwa shangazi zangu, si zile za kupima kwa kijiko sokoni.

Na kwa kuwa umeuliza, nakujibu bila kuficha. Marehemu mama yangu hakuingiza ndani kitu kilichopita nyumba ya mwenye kijicho mpaka akikinge. Nami sijaacha. Kila chupa ikifika kutoka friji lako, nakata utepe, natia konzi ya karafuu zilizotwangwa, nasoma ninachokijua, naiacha ilale kwenye kivuli mpaka kesho yake ndipo naitumia. Umeshajua sasa, na kujua hakutakusaidia.

Lakini jicho lako kali, nakiri. Tuta la pili limelala na la tatu limeanza. Clara kachimba mizizi, kaenda kupima, karudi kanitazama vile wanavyotutazama wakitupenda. "Bi Wahiba, mbona vijidudu wetu kwako hawapo kabisa? Simwoni hata mmoja kwenye mizizi. Unatumia maji ya bomba yenye dawa? Sabuni? Umenyunyiza dawa ya ukungu?" Nikamwambia maji ni ya kisima changu na ndoo naisuuza kwa maji matupu. Hayo ndiyo aliyonikataza tangu mwanzo na sijayafanya. Habari ya karafuu sikumwambia, maana ni kinga ya nyumba yangu na yeye ni mtu wa bara, msomi, angeniona mshamba.

Kanipa nafasi ya mwisho. Miche mipya inaota kwenye trei pale barazani, na ikifikia kimo ataniletea chupa nyingine. Safari hii nitatia karafuu maradufu. Tutaona kati ya jicho lako na konzi yangu.

Nimesikia Masoud alibaki kwako siku ambayo ilikuwa yangu. Niliweka chakula, nikakifunika, nikakila mwenyewe asubuhi. Sisemi kitu.

Wahiba


Kibamba, 9 Julai 2025

Dada Wahiba, shikamoo,

Nimekuelewa, na wala sikuchukia. Karafuu ni kitu kizuri, harufu yake nzuri, na mtu ana haki ya kujikinga na wabaya wake. Kama unaona jicho langu ni kali hivyo, ongeza. Mimi nikiwa wewe nisingetosheka na maradufu.

Ile siku moja ya Masoud alikuwa na mafua, nikamchemshia tangawizi. Usimhoji. Kapata nafuu, siku hizi anapaka rangi vile vyumba vyangu viwili vya uani. Nadhani anataka kuweka wapangaji. Nyanya zangu zimeanza kuiva, na majirani wanazichungulia kwenye uzio.

Endelea hivyo hivyo na chupa zako, dada.

Munira


Bunju, 27 Julai 2025

Munira,

Ile barua yako fupi ilikuwa tamu mno nikaitilia shaka, lakini sikupata muda wa kuichambua. Leo nao nimeupata, kwa sababu shambani hakuna cha kufanya. Matuta yote ya mwanzo yameisha. Nimeng'oa, nimechoma kama Clara alivyoagiza, na moshi wake umenikaa kwenye mtandio mpaka sasa. Zimebaki trei za barazani tu.

Ijumaa Masoud kaja na mtu mwenye futi ndefu. Wamepima kuanzia kisimani mpaka kwenye mstimu wa umeme. Mimi nimekaa ndani nikiwasikia wanataja hatua. Alipoondoka yule mtu, Masoud kaingia, kakaa, kanirudia kwa upole lile neno lake la zamani, na upole wake ndio ulionikata maini kuliko ukali.

Sikutaka ulijue hili kwangu. Nilikuficha tangu barua ya kwanza kwa sababu kulitamka ni aibu. Lakini utaliona kwa macho, basi lisikie. Vile vyumba vya uani anavyovipaka rangi kwako si vya wapangaji. Ni vyangu. Bunju ikiuzwa, mimi ndiye nakuja kukaa humo. Mlango wangu utatazamana na mlango wa jiko lako. Nitaanika nguo kwenye kamba yako. Nitasikia akija kwako, nawe utasikia akija kwangu, na utanipimia unga.

Nilikuwa bi mkubwa nyumbani kwangu. Nitakuwa mzee wa uani kwako. Furahi, mdogo wangu. Umenishinda bila kutoka jasho.

Miche itahamishwa wiki ijayo. Clara ataniletea chupa ya mwisho. Karafuu nimeshatwanga, bakuli zima.

Wahiba


Kibamba, 28 Julai 2025

DADA WAHIBA USITIE KARAFUU.

Hii sikumngoja Clara apite. Nimekwenda mwenyewe stoo ya mradi na kumbembeleza aje kwako kesho. Nilivyosoma barua yako niliinuka nikaenda kuviangalia vile vyumba. Kavipaka krimu. Kaweka na feni! Kwangu feni nimeomba tangu mwaka juzi.

Sikiliza, na uache maringo kidogo. Ulipoandika habari ya konzi ya karafuu, siku ile ile nilimuuliza Clara, nikaanzia kwenye karafuu ya kutuliza jino asinishtukie. "Hivi Clara, karafuu ukiitia kwenye zile chupa?" Kashika kichwa. Kasema mafuta ya karafuu yanaua bakteria, na hayachagui. Mbaya yanaua, mzuri yanaua. Chupa ikilala na konzi ya karafuu, asubuhi kilichomo ni maji ya maiti. Wewe ulikuwa unachovya miche yako kwenye chai ya karafuu, dada, halafu unaipanda kwenye udongo wenye mnyauko haina mtu wa kuilinda. Hakuna aliyekuroga.

Ndiyo, nilijua. Na ndiyo, nilikuandikia uongeze. Sitajipamba mbele yako. Nilikuwa nataka shamba lako life, Masoud aache kunihadithia udongo mweusi. Nilidhani akiuza utahamia kwa mwanao Walid, au kwenu Kariakoo, mbali huko. Sikujua kama unaletwa kwangu. Laiti ningejua ningekuambia siku ile ile, na nisingekuwa nimefanya wema wowote.

Mimi siwezi kukaa na wewe ua mmoja. Sitaweza kumsikia anavyocheka kwako. Hapa Kibamba siku za zamu yako namfikiria tu. Hapo uani nitakuwa namsikia.

Kwa hiyo nakupa chupa yangu. Ni ile niliyowekewa kwa msimu wangu wa pili, nimeuacha msimu huo. Utepe haujakatwa. Usiichemshe, usiifukize, usiitie hata tone la marashi. Changanya na maji ya kisima, chovya, panda jioni jua likiwa limepoa. Kama unataka kusoma, soma kwa mbali.

Munira


Bunju, 3 Agosti 2025

Munira,

Chupa nimeipata. Nimeigeuza geuza, nimeinusa, nimeiweka juu ya kabati nikaitazama siku nzima.

Unaniambia niondoe kinga yangu kisha nimwage shambani kitu kilichotoka mkononi mwako. Mtu aliyeandika kwa mkono wake kwamba alitaka shamba langu life. Wewe ungekuwa mimi ungefanya? Nimemuuliza Clara, kasema ulichosema ni kweli tupu, karafuu inaua. Lakini Clara naye anakula chapati zako kila wiki.

Basi nimeamua hivi, na nakuandikia ili usije ukasema nimekuficha. Nimegawa miche sehemu mbili. Upande wa kisimani nimechovya kwenye chupa yako, tupu, bila karafuu, bila kitu. Upande wa barabarani nimechovya kwenye chupa niliyoletewa mimi, na karafuu zangu kamili. Udongo ni ule ule, maji ni yale yale, mkono ni huu mmoja. Upande wako ukifa, nitaibeba miche mikavu mpaka Kibamba nikuwekee mlangoni, watu waone. Upande wangu ukifa, hilo nitaliwaza likifika.

Clara kaniona nazungushia kamba katikati, kasema nimepanga jaribio zuri kuliko yao. Sikupanga jaribio. Nimekutegea mtego.

Nilisikia la feni. Mimi sijaliomba.

Wahiba


Bunju, 21 Septemba 2025

Munira,

Hukuniuliza, na najua kwa nini hukuniuliza, kwa sababu Jumamosi ulijionea mwenyewe.

Upande wa barabarani umelala wote. Upande wa kisimani umesimama. Ukiikaribia kamba yangu unaona kama mtu kachora mstari, huku mizoga na huku nyanya zimeshikana mafungu. Clara kapima mizizi ya kisimani kakuta vijidudu wake wamejaa, kafurahi karibu anikumbatie. Nusu niliyoiua niliiua mwenyewe, kwa karafuu za mama yangu na kwa kutokuamini wewe. Nusu iliyopona imeponywa na wewe kwa sababu hunitaki. Sijui nikushukuru kwa lipi, kwa hiyo sikushukuru.

Lakini ulikuja. Nilipokuwa na homa na ile mizoga inatakiwa kung'olewa kabla mvua haijautembeza ugonjwa, nilimwagiza Clara anitafutie kibarua, akaja na wewe. Umevaa kanga mbili na mabuti ya Masoud, ukayaosha getini kwa maji ya jiki kabla hujakanyaga shamba, usiniletee uchafu wa Kibamba. Hilo nililipenda. Tukang'oa pamoja mpaka alasiri. Ulinisimulia jinsi anavyokoroma nikacheka, na nikakuchukia kwa kukijua kitu hicho.

Na ndipo balaa lilipotufika. Masoud alivyotukuta tumechutama kwenye tuta moja, wewe umenishikia ndoo, hukumwona uso wake? Ulikuwa umeondoka alipoanza kusema. Kafurahi mpaka machozi yakamlenga. Kasema, "Sikujua kama nyie mmefikia hapa. Alhamdulillahi." Kasema hauzi tena. Nyanya zimepona, shamba libaki. Ila nusu iliyokufa, kwa kuwa ardhi yake imeshaharibika, atamjengea Munira hapo. Kibamba atapangisha. Wake zake wakae pamoja Bunju, walime pamoja, yeye apumzike na barabara.

Clara kamwambia ardhi haikuharibika, ipandwe mahindi misimu kadhaa, mnyauko hauyapendi mahindi, utapungua. Hakusikia. Keshaanza kutafuta fundi.

Tumefanya nini, Munira?

Wahiba


Kibamba, 24 Septemba 2025

Dada Wahiba, shikamoo,

Nimesoma nikacheka kwanza, halafu nikakaa chini. Kaniambia na mimi. Kaja na ramani kaichora nyuma ya kalenda. Mlango wangu na wako inatazamana, katikati kaweka bustani ya maua. Nikamwambia, "Wewe baba una wazimu?" Kasema, "Mie nimewaona kwa macho yangu mnapendana."

Kila nikimwambia hatupendani anatabasamu. Anaona tunaona haya.

Kwa hiyo aone kwa macho yake vilevile. Mwezi ujao kuna hitma ya marehemu baba mkwe huko Kawe, ukoo mzima utakuwepo, na mama mkwe ndiye mtu pekee Masoud anayemwogopa. Baada ya watu kula, tugombane. Sisemi tununiane. Tugombane kweli, pale uani, masufuria yasikie. Mama mkwe hatakubali aibu ile irudi kwenye nyumba moja. Atamkataza mwenyewe.

Anza wewe, ni mkubwa. Sema biriani langu limekauka. Mimi nitasema wewe unajidai na Uarabu wako. Wewe utasema nilikuja kwenye ndoa na begi moja. Mimi nitakuita mchawi wa karafuu. Hapo watu watatushika, na tutakuwa tumemaliza. Mimi kuvuliwa mtandio sikubali, nimetoka kuununua.

Unasemaje?

Munira


Bunju, 28 Septemba 2025

Munira,

Nakubali. Tangu niolewe sijawahi kupandisha sauti mbele ya mama mkwe, na kwa ajili ya shamba hili nitapandisha.

Masharti yangu. Wazazi usiwaguse, wangu wamekufa. Watoto usiwaguse. Uarabu sema utakavyo, nimeshazoea. La begi moja nitalisema, na ujue sitalisema kwa moyo, maana hata mimi nilikuja na moja. Tusiongeze neno lingine zaidi ya hayo. Watu wanaogombana kwa mpango wakiongeza neno hawajui litaangukia wapi.

Ukivaa mtandio mpya uvue kabla ya kula, uuweke mbali.

Wahiba


Bunju, 19 Oktoba 2025

Munira,

Tumeshinda. Mama mkwe kamshika Masoud sikio kama mtoto, kamwambia akituweka pamoja asije kumzika. Fundi kaambiwa arudi kwake. Nusu ya barabarani nimeshapanda mahindi, na nyanya za kisimani nimevuna mpaka Clara kaja kunisaidia kubeba matenga. Shamba ni langu, na nyumba yangu inabaki na mwanamke mmoja ndani yake, ambaye ni mimi. Nililolitaka nimelipata.

Ulicheza vizuri. La Uarabu lilichekesha mpaka Shomari, shemeji yetu, kageuka ukutani. La mchawi wa karafuu lilikuwa na chumvi yake. Watu walishatushika, mimi nilishaanza kurudi nyuma kama tulivyopanga, na wewe ukapayuka kwa sauti ambayo haikuwa ile ya mchezo: "Bunju anafuata nyanya, hakufuati wewe!"

Hilo hatukukubaliana.

Nani alikusikia sijali. Masoud alikuwepo, na hakukataa. Aliangalia chini. Toka siku ile akija kwangu namtazama anakoanzia. Anapita mlango wangu, anakwenda moja kwa moja kisimani, anashika nyanya, anazipindua, anakagua majani, ndipo anaingia ndani kuniuliza hali. Amefanya hivyo miaka yote na nilikuwa nafurahi, najua mume wangu anathamini kazi yangu. Sasa nasimama dirishani namhesabia hatua. Nimefikiria kung'oa kila kitu nione kama atakuja.

Kuna aliyekuambia hilo? Yeye ndiye kakuambia? Nijibu bila mizaha, na usinionee huruma.

Wahiba


Kibamba, 22 Oktoba 2025

Dada Wahiba, shikamoo,

Hakuna aliyeniambia. Masoud hajalisema, si usingizini wala akiwa na hasira. Akiwa kwangu anakaa kibarazani anatazama simu, nyanya zangu anazipita bila kugeuza shingo, na zamu yako ikikaribia anaanza kujinyolea ndevu tangu jana yake. Aliangalia chini pale Kawe kwa sababu mama yake alikuwa anamtazama.

Kama ningekuwa na jambo la kweli la kukuumiza ningekuandikia kwenye barua, kama nilivyokuandikia mengine. Lile lilitoka lenyewe, kwa sababu limekaa mdomoni mwangu muda mrefu. Si kitu ninachokijua, dada. Ndicho ninachojiambia kila akiwa kwako, nipate usingizi.

Usizing'oe.

Munira